Nafasi ya Kwanza

Fomu ina mistari mitano.
Nimeketi nayo tangu Ildikó aende zamu yake ya usiku,
chai imepoa hadi ikafanya utando.
Mstari wa kwanza unanikodolea macho.

Wanasema elimu ni bahari.
Nchi hii haina bahari.
Szeged ina mto, na mto una kingo mbili:
huku, shule yenye majina ya washindi ukutani,
herufi za dhahabu, mwaka juu ya mwaka, hadi karibu na dari;
kule, ng'ambo ya daraja, shule yenye karakana,
mizinga minne ya nyuki, na saa ya ukumbini
iliyochelewa dakika saba, wala hakuna anayeirekebisha.

Boróka amepata themanini na sita kwa mia.
Angefeli, nisingekesha.
Aliyefeli huchaguliwa na njia.

Nilimfundisha mwenyewe, msinionee huruma.
Mimi fundi wa tramu, ninayenuka grisi hata Jumapili,
nilinunua vitabu vya mazoezi kama anunuaye viazi,
nikaweka mezani saa ya kuchemshia mayai:
dakika arobaini na tano.
Kila ilipolia alishtuka kama aliyeguswa na waya.
Atazoea, nikasema.
Mchumia juani, nikamwambia, hulia kivulini.
Hakuniuliza kivuli kiko wapi.
Aliuliza kama anaweza kwenda chooni.

Usiku mmoja wa Desemba nikasikia sauti,
nikaenda na soksi, sakafu ya baridi.
Alikuwa usingizini.
"Zimebaki ngapi?" alisema, macho yamefumba.
"Zimebaki ngapi?"
Nikajibu, sijui kwa nini: "Nyingi."
Akageukia ukuta, akatulia.

Mama mkwe hataki kusikia habari za nyuki.
Ana haki yake. Piroska alitolewa shule na miaka kumi na mitatu
akatunge pilipili nyekundu kwenye nyuzi,
vidole vikiwaka hadi alfajiri, asiweze kujifuta machozi.
Kwake dhahabu ile ya ukutani si rangi.
Simcheki.

Tulizuru zote mbili.
Kule kwa dhahabu vijana walitupisha kwa adabu,
ukimya kama wa duka la dawa.
Mkuu akataja asilimia, nami nikaandika, nikaandika.
Boróka alisoma majina, shingo nyuma, kisha akauliza:
"Wako wapi sasa?"
Mkuu akacheka. Tukapelekwa maktaba.

Ng'ambo, mwalimu wa hesabu alikosea ubaoni.
Mvulana mmoja akamsahihisha.
"Lo, kumbe!" akasema mwalimu, akafuta kwa kiwiko,
na somo likaendelea.
Binti yangu akanitazama
kana kwamba ameona mtu akitembea juu ya maji.
Alirudi nyumbani na maranda nyweleni,
akala mkate wote wa jioni, akaomba mwingine.

Hayo tu ndiyo niliyo nayo: kosa moja, mkate mmoja.
Si ushahidi. Jirani yetu Bozsik angenicheka,
yeye ambaye wanawe wote wawili ni wahandisi
na humpigia simu wakati wa Krismasi.

Naogopa, nakiri.
Samaki mkunje angali mbichi, tuliambiwa,
ila hakuna aliyetwambia akunjwe mara ngapi.
Huenda baada ya miaka kumi akaja jikoni hapa hapa
aniulize kwa nini mlango uliokuwa wazi niliupita.
Sijaandaa jibu.

Jana nilimwuliza. Hakuinua uso kwenye mchoro wake.
"Ile ya nyuki," akasema.
Kisha: "Lakini ile nyingine tuiandike ya pili, Baba.
Bibi asilie."

Saa sita na nusu.
Mkono unaokaza boliti za mabehewa
unatetemeka juu ya jina la shule.
Nimeliandika. Linaonekana dogo.

Saa ya mayai nairudisha kabatini, kando ya chumvi.
Asubuhi nitaihitaji.
Boróka hupenda kiini kibaki laini:
dakika sita, isizidi.